Walimwita Asali mkaidi, kumbe chuma kilimkata mdomo

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri, baridi ya Robanda bado inauma vidole. Felista Nyangwine amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kichwa chini, mkono mmoja ukiwa umebana kitu kwapani. Ni kipande cha chuma. Anakipasha joto.

Mbele yake, ndani ya banda la miti lililoezekwa nyasi, farasi jike wa rangi ya kahawia anatafuna majani taratibu na kumtazama kwa jicho moja.

"Wewe ungekubali mtu akusokomeze chuma cha baridi mdomoni hata chai hujanywa?" anauliza Felista, na hasubiri jibu. "Basi na yeye hataki."

Kamusi huita chuma hicho lijamu. Hapa kambini wanakiita biti. Hupita mdomoni mwa farasi juu ya ulimi, na ncha zake mbili hushikwa na mikanda ya kichwani pamoja na hatamu. Mtu aliye juu ya tandiko akivuta hatamu, unaoipata habari ni mdomo wa farasi.

Farasi huyu anaitwa Asali, na leo ndiyo siku yake. Saa tatu meneja wa kambi atampanda yeye mwenyewe. Asali akienda kwa utulivu, atabaki. Akirusha kichwa na kusimama kwa miguu ya nyuma kama alivyozoea, atapigwa risasi.

Hakuna njia ya tatu. Huku Serengeti farasi si ng'ombe useme utampeleka mnadani. Haliwi, halimi, na bila sindano za kila mara mbung'o wanammaliza. Kambi hii ya watalii, ambayo imeomba jina lake lisitajwe, ina farasi saba wa kuwatembeza wageni porini, na farasi asiyebeba mgeni ni mdomo wa bure.

"Mdomo wa bure," Felista anarudia maneno hayo kwa uchungu. "Mdomo waliouharibu wenyewe. Na mimi nikiwemo."

Felista ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Matongo, wilayani Tarime, kwa baba Mkurya mwenye ng'ombe na mama Mjaluo kutoka Rorya. Kaka zake walikuwa bado wadogo, hivyo yeye ndiye aliyetangulia mbele ya maksai baba yake akishika plau. Aliolewa Natta na Baltazar, mkulima wa mahindi na mtama, na mavuno yao hugawana na tembo kila mwaka wapende wasipende.

Kambini aliajiriwa kufua mashuka ya wageni. Siku moja farasi watatu walivunja uzio wakaingia shambani kwa watu. Wanaume walikimbizana nao huku na huko wakipiga kelele. Felista akaacha mashuka, akachukua pumba kwenye beseni, akaita kama anavyoita ng'ombe wa kwao. Farasi walimfuata hadi bandani. Kesho yake akahamishiwa huko, na hajarudi tena kwenye mashuka.

Watunza farasi wenzake karibu wote ni watu wa mifugo kama yeye. Na hapo, anasema, ndipo tatizo lilipoanzia.

"Sisi wote pale tumetoka kwenye ng'ombe. Meno ya ng'ombe tunayajua, tunayaangalia kujua umri wake. Lakini farasi tulimchukulia ng'ombe mrefu. Basi."

Asali aliletwa akiwa na mazoea ya kutikisa kichwa. Wakati huo alivalishwa biti nene iliyounganishwa katikati, ambayo kila mtu aliamini ni laini kwa sababu ni nene. Akivutwa kidogo anatupa kichwa juu, anaachama, anautoa ulimi pembeni.

Wengine walisema ni mbung'o wanamsumbua. Wengine walisema jike ndivyo lilivyo. Mgeni mmoja alipolalamika kwamba mikono imemchoka kwa kuvuta, uamuzi ukatoka: aongezewe chuma. Ikaletwa biti yenye mikono mirefu pembeni na mnyororo unaopita chini ya kidevu. Mpandaji akivuta kidogo tu, mikono ile inabana taya juu na chini kama koleo.

Asali akazidi. Wakakaza mkanda wa puani ili asiachame. Ndiyo, umesoma vizuri: mnyama alikuwa anafungua mdomo kwa maumivu, na dawa iliyopatikana ikawa kumfunga mdomo.

Method, mtunza farasi mkongwe kuliko wote pale bandani, hafichi kitu.

"Maksai akikataa plau unamfunga nira na maksai mzito kuliko yeye, mura, kijana wangu. Anavutwa mpaka anaelewa," anasema huku akikwangua kwato. "Sisi tuliona chuma kidogo kimeshindwa, tukaweka kikubwa. Tungewaza nini kingine?"

Mwezi Julai Asali akiwa na mgeni mgongoni alisimama wima. Mgeni akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Tangu siku ile jina la Asali likafutika vinywani mwa watu, akawa anaitwa Mkaidi. Povu lililokuwa likimtoka lilikuwa na wekundu. Felista aliliona, akaliosha kwa maji, akaendelea na kazi.

Hapo ndipo hasira zinapompanda mtu anayesikiliza. Kundi zima la watu wazima, wanaolipwa kumtunza mnyama, wanaona damu ikitoka mdomoni, na bado mjadala ni tabia yake. Wakaangalia miguu, wakaangalia mgongo, wakaangalia hata mwezi aliozaliwa. Mdomo, palipo na chuma na damu, hakuna aliyeuangalia.

"Usiseme 'wao'," Felista anamkatiza mwandishi. "Mimi ndiye nilikuwa namfunga ule mnyororo. Asubuhi kwa asubuhi. Mkono wangu huu."

Aliyemfumbua macho hakuwa mtaalamu wa farasi. Ni mama yake mzazi, Rhoda, ambaye hajawahi kumgusa farasi maishani.

Mama Rhoda aliletwa Natta kwa binti yake baada ya kiharusi kumdhoofisha mkono wa kulia. Ni mwanamke wa kizazi kile cha Wajaluo waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa wadogo, kama desturi yao ilivyotaka. Kwa miaka yote alijilisha mwenyewe kwa namna yake, wala mtu hakuhitaji kujua. Sasa akawa analishwa.

Asubuhi moja Felista, akiwa na haraka ya kuwahi kazini, alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko cha chuma. Mama akageuza uso. Felista akamfuata na kijiko. Mama akatupa kichwa nyuma na kubana midomo. Uji ukamwagika.

"Nikamwambia, 'Mama, acha ukaidi, nachelewa,'" Felista anasimulia. "Akanitazama. Akaniambia, 'Nyara, wewe unanisukumia chuma kwenye mfupa wangu, halafu mimi ndiye mkaidi?'"

Nyara ni binti yangu, kwa Kijaluo. Felista anasema alibaki ameshika kijiko hewani kama mtu aliyepigwa kofi.

Mwandishi alimtembelea Mama Rhoda nyumbani Natta. Baada ya shikamoo na marahaba, alicheka alipoulizwa kuhusu asubuhi ile.

"Ufizi ni nyama kidogo tu juu ya mfupa," alisema, akiuonyesha kwa kidole bila aibu. "Huyu ana meno yake yote, angejuaje? Nilimwambia alete kijiko cha mti. Sasa nakula vizuri, wala hatugombani."

Siku ile ile Felista alifika kambini, akamvua Asali mikanda yote, akaingiza kidole gumba pembeni mwa mdomo. Kati ya meno ya mbele na magego, farasi ana pengo. Hapo hakuna jino. Hapo ndipo biti inapokaa.

"Nilipapasa. Ni mfupa mkali kama mgongo wa kisu, umefunikwa na ngozi laini kama ya mtoto. Na pale pengoni kulikuwa na kidonda kikubwa kama punje ya hindi. Nikasema Mungu wangu. Huyu ana pengo kama la mama. Nikakaa chini kwenye samadi nikalia."

Alipomaliza kulia alikasirika, na hasira hiyo haijamtoka mpaka leo. Alimfuata meneja ofisini akiwa na samadi kwenye sketi.

Meneja anaitwa Brayan, kijana aliyekulia Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Sirari. Si mtu katili, na hapendi kuonekana hivyo. Lakini ana wageni waliolipia safari mwaka mzima kabla, na ana yule mmoja aliyevunjika mkono.

"Mimi sina ubaya na huyo farasi," anamwambia mwandishi. "Lakini akiangusha mgeni mwingine, nani ataongea na familia yake? Felista? Hapana, ni mimi. Hiyo maneno ya mdomo ningejuaje, na kila mtu alikuwa ananiambia ni tabia?"

Siku ile alikuwa tayari ameamua Asali aondoke. Felista akagoma kutoka ofisini. Walipochoshana, Brayan akakubali: farasi apumzike bila chuma mpaka kidonda kipone, kisha atampanda mwenyewe kabla ya wageni wa msimu. Akifaulu, sawa. Asipofaulu, asisikie mtu analia.

Aliyeitwa kutibu ni Daktari Lusekelo, ofisa mifugo aliyehamishiwa wilayani kutoka Mbeya. Alisema wazi tangu mlangoni kwamba farasi si fani yake, akampigia simu mwenzake wa Arusha, akaweka spika ili Felista naye asikie. Walimchoma Asali sindano ya kumtuliza. Daktari akakuta kijino kidogo cha ziada mbele ya gego, mahali ambapo chuma kilikuwa kikikigonga kila hatamu inapovutwa. Akaking'oa, kisha akasaga kwa tupa ncha za magego zilizokuwa zikichana shavu.

"Nilimwonea huruma," anasema Daktari Lusekelo. "Ukiumwa jino wewe unasema. Yeye alisema kwa njia yote aliyonayo. Felista alinishikia taa ya simu muda wote na mkono haukutikisika, ila alikuwa anatukana polepole, sijui kwa Kikurya."

Kidonda kilipona. Ikabaki kazi ya kuchagua chuma kipya, na hapo ndipo Felista alipogundua jambo linalomkera kuliko yote.

Stoo, chini ya matandiko chakavu, kuna kreti la mbao lenye biti zilizokuja na farasi tangu mwanzo wa kambi, zimeachwa zikiliwa na kutu. Felista alizimwaga zote juu ya gunia, akazisugua kwa majivu, akazipanga. Kwanza alichukua kijiti akapima upana wa mdomo wa Asali, kutoka pembe hadi pembe, akakivunja kwa kipimo hicho. Biti aliyokuwa akivaa ilikuwa pana kupita kijiti, ikawa inateleza huku na huku na kukwangua.

Kisha akatazama ndani. Ulimi wa Asali ni mnene na kaakaa lake liko chini. Ndani ya mdomo kama huo biti nene haina pa kukaa. Na ile iliyounganishwa katikati, hatamu zikivutwa, hujikunja na ncha yake kuchoma juu.

"Tulikuwa tunasema nene ni laini," anasema. "Godoro nene ni laini. Chuma kinene kwenye mdomo mdogo ni kukabwa."

Zilizobaki alizijaribu kwa njia ambayo wenzake waliicheka. Alipandisha sketi hadi magotini, akaweka kila biti juu ya muundi wa mguu wake, pale ambapo mfupa umefunikwa na ngozi tu, akamwambia Method avute hatamu.

"Nilikataa," anasema Method. "Akaniambia, 'Mbona kwa Asali hukukataa?' Nikavuta."

Miundi ya Felista bado ina alama za kijani. Anazionyesha kama mtu anayeonyesha ushahidi mahakamani. Ile ya mnyororo ilimtoa machozi kabla Method hajavuta hata nusu ya nguvu zake. Moja tu haikumuuma: nyembamba kiasi, yenye vipande vitatu badala ya viwili, kile cha katikati kikiwa kidogo, laini na mviringo kama punje ya haragwe. Hujipinda kufuata ulimi, wala haina ncha ya kuchoma juu.

Ilikuwa ndani ya kreti miaka yote hiyo. Iliwekwa kando siku ya kwanza kabisa, Method anakumbuka, kwa sababu mtu mmoja aliishika mkononi akasema haina nguvu.

Soma tena sentensi hiyo. Mnyama amevuja damu, mgeni amevunjika mkono, risasi imeshapangwa, na kilichotakiwa kilikuwa hatua chache tu kutoka bandani, chini ya matandiko. Hakuna aliyehitaji fedha wala mtaalamu kutoka nje ili kukipata. Kilihitaji mtu wa kuuliza huyu mnyama anaumwa wapi.

Saa tatu inafika. Jua limeshakausha umande, na nyumbu wachache wanaonekana kwa mbali upande wa hifadhi. Felista anakitoa kwapani kile chuma, ile biti ya vipande vitatu, anakigusisha shavuni mwake kuhakikisha kina joto, kisha anakileta mdomoni kwa Asali bila kukilazimisha. Asali anakinusa, anafungua mdomo, anakipokea. Anakitafuna kidogo, anashusha kichwa.

Felista anapima mkanda wa puani kwa vidole viwili. Vinapita.

"Sasa panda," anamwambia Brayan. "Ila mikono yako ni mizito. Ishike hatamu kama umeshika kifaranga cha kuku."

"Felista, nimepanda farasi tangu niko mtoto."

"Nimesikia. Ishike hivyo hivyo."

Brayan anapanda. Hatua za kwanza ni nzuri. Kisha wanafika kwenye korongo dogo, Asali anasita, na Brayan, kwa mazoea, anavuta. Kichwa kinapanda juu. Masikio yanalala nyuma. Miguu ya mbele inakuwa myepesi, na kila mtu aliyesimama pale anajua kinachofuata.

"Legeza!" Felista anapaza sauti hata wapishi wanatoka jikoni. "Legeza mkono, wewe! Hajafanya kosa!"

Brayan analegeza. Kwa muda Asali anabaki amesimama, anapumua kwa nguvu, kama hasadiki. Kisha anashusha kichwa, anatafuna, na anavuka korongo mwenyewe. Anakwenda mpaka kwenye migunga, anageuka, anarudi kwa mwendo wa kukimbia kidogo. Njiani Brayan anamsimamisha kwa kuegemea nyuma tu, hatamu zikiwa zimelegea.

Anashuka. Anampigapiga Asali shingoni, mara ya kwanza tangu ajali, wanasema wenzake.

"Sawa," anasema. "Anabaki."

Method anapiga makofi. Felista hapigi. Anasubiri, kana kwamba anajua bado kuna neno.

"Lakini ile ingine ya mnyororo," Brayan anaongeza, "iwekwe tu kwa stoo. Siku akianza tena mchezo, tuko nayo."

Felista anamkabidhi Method hatamu, anaingia stoo, anatoka na ile biti ya mikono mirefu ikining'inia mkononi, mnyororo wake ukilia. Anapita mbele yetu, anapita jiko, anaelekea nyuma kwenye choo cha shimo cha wafanyakazi. Mlango wa bati unafunguliwa. Inasikika sauti ya kitu kizito kikitumbukia, mbali chini.

Anarudi akijifuta mikono kwa kitenge.

"Iko wapi?" Brayan anauliza, ingawa amesikia kama sisi wote.

"Chooni. Anayeitaka akaichukue."

"Felista, hiyo ni mali ya kampuni."

"Wakate mshahara."

Mshahara wenyewe ni shilingi laki mbili na elfu themanini kwa mwezi, na huo huo ndio unaomnunulia mama yake dawa ya presha. Felista anajua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Brayan anaelekea ofisini bila kusema atakata au hatakata, na mpaka simulizi hii inaandikwa hajasema.

"Ikikaa stoo itatumika," Felista anamwambia mwandishi. "Mimi siku moja nitakuwa nyumbani na mama, mgeni atalalamika, mtu ataikumbuka. Asali hatajua imetoka wapi. Na uandike jina langu lote. Usije ukaandika mfanyakazi mmoja."

Anapoulizwa mpango wake ni nini, hatafuti maneno. Wageni wanaingia Jumatatu. Kabla ya hapo anataka kuongea na Daktari Lusekelo arudi na tupa yake, na anataka Method na wenzake wajifunze kupapasa mdomo kabla hawajashika tandiko.

"Huyu mmoja tumemwona kwa sababu alikuwa na hasira," anasema. "Hapa kuna wengine sita. Wapole. Hawajawahi kumwangusha mtu, hawajawahi kulalamika. Nao sijawahi kuwaangalia."

Anakunja mkono wa blauzi hadi kwenye kiwiko na kuingia banda linalofuata, ambako farasi mzee mweupe amesimama kimya ameinamisha kichwa.

"Pole, baba," anamwambia. "Hebu fungua nione."